Garimoshi Lilipokufa, Njia Ikabaki

Wahenga walinena kwamba kufa kufaana. Wengi wetu huitumia methali hii katika insha za urithi na ugomvi wa shamba, lakini leo, msomaji mpenzi, nataka kuitumia juu ya garimoshi. Reli ikiachwa hadi nyasi zikaota katikati ya mataruma, watu huja na misumeno wakiwaza chuma tu. Kumbe kuna kitu kingine kinachobaki chenye thamani kuliko chuma. Ni ule mstari wenyewe: ukanda mwembamba wa ardhi, karibu tambarare, unaotoka mji huu hadi mji ule bila kukatika. Huko Marekani waling'amua kwamba ukanda huo ukisafishwa unakuwa njia ya kutembea na kuendesha baiskeli, njia ambayo hata ukiwa na mapesa mengi namna gani huwezi kuinunua upya leo. Nitaeleza juu ya njia moja ya aina hiyo, kisha nitarudi hapa kwetu, maana sisi wa shule ya kutwa tunakanyaga mataruma kila asubuhi.

Kabla sijaulizwa: la, mimi sijafika Marekani na pasipoti sina. Mjomba wangu ndiye anayeishi Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi, na mwaka 2017 alivuka hadi jimbo jirani la Wisconsin akiwa amefunga baiskeli yake nyuma ya gari. Aliporudi likizo alitusimulia na kutuonyesha picha mpaka mama akamwuliza kama huko ng'ambo alienda kufanya kazi au kucheza. Mengine nimeyasoma mwenyewe.

Njia yenyewe inaitwa Elroy-Sparta, kwa majina ya miji miwili iliyo kwenye ncha zake. Urefu wake ni kama kilomita 52. Kati ya ncha hizo kuna vimiji vitatu, Kendall, Wilton na Norwalk, ambavyo vilikuwa stesheni zamani. Reli ilijengwa na kampuni ya Chicago and North Western na kukamilika mwaka 1873. Ili upate picha ya umri wake, mwaka huo ndio lile soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, na ilikuwa bado miaka 23 kabla reli yetu haijaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Kwa karibu karne nzima treni zilipita hapo na ng'ombe, nafaka, maziwa na abiria. Kisha barabara za lami na malori zikaiua. Treni ya mwisho ya mizigo ilipita mwaka 1964, serikali ya jimbo ikanunua ukanda huo mwaka 1965, na mwaka 1967 ukafunguliwa kwa watu wenye baiskeli. Inahesabiwa kuwa ndiyo njia ya kwanza ya namna hii katika Marekani nzima, na ndiyo sababu nimeichagua badala ya nyingine zilizo ndefu na zenye sifa zaidi.

Sasa, kwa nini watu wapande baiskeli juu ya mifupa ya reli wakati barabara ziko tele? Jibu liko katika gurudumu. Gurudumu la treni ni la chuma na linabingirika juu ya chuma. Vyuma hivyo ni vigumu na havibonyei, kwa hiyo injini moja inaweza kukokota mabehewa mengi kwa nguvu kidogo kwenye tambarare. Ubaya ni kwamba vyuma hivyo havishikani sana, kwa hiyo ikifika kwenye mlima mkali gurudumu linazunguka bure. Matatu inaweza kupanda kilima kwa gia ya kwanza huku ikitoa moshi, treni haiwezi. Basi wajenzi wa reli hawakuwa na ruhusa ya kufuata ardhi ilivyo. Palipoinuka walichimba, palipobonyea walijaza udongo, penye mto wakaweka daraja, na pale mlima ulipokataa kabisa waliutoboa. Wisconsin ile ya magharibi ina vilima vingi vilivyosongamana, kwa maana ni eneo ambalo ile barafu kuu ya kale, iliyosawazisha sehemu nyingi za kaskazini, haikulipitia. Lakini ukiwa juu ya njia hii vilima unaviona tu kando. Kupanda kwake hakuzidi mita 3 kwa kila mita 100. Mzee wa miaka 70 anaweza kuendesha. Mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kupita vipande vingi. Jasho la kuukata mlima lilikwisha kumwagwa na vibarua wa mwaka 1870 na kitu, na sasa wengine wanakula matunda yake wakiwa wamekaa juu ya tandiko la baiskeli.

Wacha nifike kwenye mahandaki, kwa sababu hapo ndipo mjomba alipotia chumvi na mimi nikapima chumvi yenyewe. Mahandaki ni matatu. La kwanza liko kati ya Kendall na Wilton, la pili kati ya Wilton na Norwalk, na kila moja lina urefu wa takriban nusu kilomita. La tatu, baada ya Norwalk ukielekea Sparta, ni baba yao. Lina urefu wa karibu mita 1,160. Chukua uwanja wetu wa mpira, uupange mara kumi na moja kwa urefu, uufunike kwa mlima, uzime taa. Kuchimba handaki hilo kulichukua miaka mitatu.

Mjomba aliingia humo mchana wa mwezi wa Julai, jua likiwa la utosi na shati limemganda mgongoni. Hatua chache tu ndani, baridi ikamvaa kama mtu aliyefungua friji. Huendeshi humo, sheria ni kushuka na kusukuma baiskeli, tochi mkononi. Maji yanadondoka kutoka darini, mengine yanatiririka pembeni kwenye mfereji, na kila sauti inajirudia. Alipofika katikati, mlango alioingilia ulikuwa umebaki kijidoa cha mwanga mdogo kama kitufe cha shati, na wa mbele vilevile kitufe. Akasikia watu wanakuja upande wa pili wanacheka, akangoja, akangoja, wala hawafiki. Sauti ilikuwa imetangulia mbali mbele ya wenyewe. Alituambia kwamba alitembea saa nzima. Si kweli. Mita 1,160 hata kwa mwendo wa kinyonga ni dakika 20 au 25. Lakini ninaamini kwamba kwake ilikuwa saa nzima.

Kilichonivutia zaidi ni milango. Mahandaki yale yaliwekewa milango mikubwa ya mbao, mirefu kama nyumba ya ghorofa. Milango ya nini kwenye njia ya treni? Huko wakati wa baridi maji huganda. Maji yanayopenya kwenye nyufa za mwamba yakiganda hutanuka, na yakitanuka huupasua mwamba kama kabari. (Tumelisoma hili katika Jiografia, kwenye kumeng'enyuka kwa miamba, na nilidhani ni la mtihani tu.) Basi milango ilifungwa ili baridi isiingie. Mlinzi alikaa karibu na handaki majira yote ya baridi, usiku na mchana kwa zamu. Treni ikikaribia anafungua, ikishapita anafunga. Hebu fikiria ungelala usingizi siku moja. Mpaka leo mwamba na maji hawajapatana, na mawe hulegea, kwa hiyo mgeni mwenye busara huuliza kwanza kama mahandaki yote yamefunguliwa kabla hajafunga safari.

Kutengeneza njia yenyewe si kazi ya uchawi. Reli hung'olewa na kuuzwa kama chuma, maana chuma chake ni kizuri na hulipia sehemu ya gharama. Mataruma huondolewa. Kokoto kubwa zilizobaki chini huachwa, kwa kuwa ndizo zinazopitisha maji; reli hujengwa juu ya kokoto ili mvua isilale. Juu yake humwagwa mawe ya chokaa yaliyosagwa laini, yakashindiliwa mpaka yakashikamana. Si lami, lakini baiskeli ya kawaida inapita bila kuzama. Madaraja huwekewa sakafu ya mbao na vizuizi vya pembeni. Mifereji iliyochimbwa na wenye reli husafishwa tu, haichimbwi upya. Yaani kazi kubwa zaidi ya barabara yoyote, ambayo ni kupata usawa na kuondoa maji, ilikuwa imekwisha kufanywa.

Na malipo? Wanaotembea kwa miguu hawalipi. Mwenye baiskeli hununua pasi, lakini ni kuanzia miaka 16. Mimi ningelipa, mdogo wangu wa miaka 13 angepita bure huku akinicheka.

Mpaka hapa mambo ni matamu, lakini kuna jambo gumu ambalo watu wengi huliruka. Ardhi ni ya nani? Kule Elroy serikali ya jimbo ilinunua ukanda mzima kwa mpigo, shauri likaisha. Sehemu nyingine haikuwa rahisi hivyo. Kampuni nyingi za reli hazikuwa zimenunua ardhi yenyewe hapo zamani. Zilipewa haki ya kupita tu katika mashamba ya watu. Treni ikikoma, haki hiyo nayo inakoma, na kipande kinamrudia mwenye shamba. Mkulima mmoja akirudishiwa kipande chake cha mita 200 akakizungushia ua, hata kama kilomita 50 zilizobaki zi wazi, safari imekatikia hapo. Na ukisha kukatika, kuuunganisha tena inabidi ubembeleze kila mtu mmojammoja, na wa mwisho atakuuzia kwa bei ya dhahabu.

Ndiyo maana mwaka 1983 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu cha sheria cha ajabu kidogo. Kinasema kwamba reli isiyotumika yaweza kuwekwa akiba, mfano wa pesa benki. Ikiwa akiba, haihesabiwi kuwa imeachwa, kwa hiyo hairudi kwa majirani. Wakati inangoja, watu watembee juu yake. Siku nchi itakapohitaji treni tena, njia irudishe mahali pake. Wenye mashamba hawakufurahi, na mimi siwalaumu. Ikiwa babu yako aliruhusu treni ipite, hakusema umati wa wageni wapite nyuma ya jikoni lake. Familia moja ya jimbo la Vermont ilienda mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na mwaka 1990 mahakama ikaamua kwamba sheria ni halali, lakini mwenye ardhi ana haki ya kwenda kudai fidia. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki. Umma ulipata njia, na anayenyang'anywa hakuambiwa anyamaze. Leo njia zilizojengwa juu ya reli za zamani katika Marekani zinapita kilomita 40,000 zikijumlishwa.

Vile vimiji vitatu navyo vilipata afueni. Reli ilipokufa, Kendall na wenzake walibaki kama soko siku ya Jumapili. Baiskeli zilipoanza kuja, watu wakawa na njaa, na mwenye njaa hununua. Stesheni ya zamani ya Kendall ikageuzwa kuwa ofisi ya njia, mahali pa kuulizia habari. Sparta nao walijenga sanamu kubwa ya mtu juu ya baiskeli ya kizamani, ile yenye gurudumu kubwa la mbele, na wanajiita makao makuu ya baiskeli ya Marekani. Majivuno kidogo, lakini nani hajisifu kwake?

Si kila mahali ambapo faida ilimwangukia mwenyeji. Jijini New York kuna reli ya juu kwa juu, imejengwa juu ya nguzo, ambayo treni yake ya mwisho ilipita mwaka 1980. Ilifunguliwa kama bustani ya kutembelea kuanzia mwaka 2009, na ina urefu wa kilomita 2.3 tu, lakini watu humiminika kutoka dunia nzima kuiona. Kandokando yake yakaota maghorofa ya matajiri, kodi za nyumba zikapanda, na wengi wa kipato cha chini waliokuwa majirani zake hawakunufaika nayo kama ilivyotazamiwa. Ninaitaja hii kwa sababu mama yangu anauza sukuma wiki, nyanya na vitunguu kando ya reli.

Naam, sasa tumefika kwetu. Tawi la reli linalopita nyuma ya shule halijapitiwa na treni tangu mimi nizaliwe. Sisemi juu ya reli inayotumika. Huko usipite, garimoshi halina breki za ghafla. Nasema juu ya hili letu, ambalo ndilo barabara yetu ya kuja shuleni, kwa kuwa barabara kuu haina njia ya waendao kwa miguu na malori yanapita karibu mpaka upepo wake unakuvua kofia. Watu hupenda kusema ati reli iliyokufa imekufa, apewe mwenye kutaka kujenga. Lakini treni ya abiria ya kutoka Nairobi hadi Nanyuki ilirudi mwaka 2020 baada ya kutoweka kwa miaka mingi. Ingerudije kama ukanda ungekuwa umegawanywa kwa ploti? Hapo ndipo niliposhika akili ya ile sheria ya akiba. Unaweza kutembea juu ya reli kwa miaka 40 bila kuila, mradi usiikate.

Katika muhula wa pili, wanachama wanne wa Chama cha Kiswahili tuliamua kwenda kuona kama letu limekatika. Tulipima kwanza kwenye ramani ya 1:50,000 tunayotumia darasani: kutoka kwenye kivuko cha sokoni hadi daraja la mto ni sentimita 6 na nusu, yaani kilomita 3 na robo. Kisha tukaondoka Jumamosi asubuhi, guu mosi guu pili, daftari mkononi. Reli zenyewe zimetoweka sehemu mbili, moja karibu na karakana za jua kali. Mataruma ya chuma yamebaki mengi, mengine yamegeuzwa kuwa madaraja madogo ya mitaro. Pana jaa la takataka la urefu wa hatua 60 ambalo tulilipita tumeziba pua. Pana mahali pa kuosha pikipiki, na maji yake yameanza kula tuta la udongo ambalo wenye reli walilijenga. Pana vibanda 23, nilivihesabu mwenyewe, kimoja wapo cha mama. Na kabla ya daraja pana ukuta wa mawe wa ghala, umekatiza kutoka mpaka hadi mpaka wa ukanda, hata mbuzi hapiti. Hapo inabidi ushuke barabarani kwenye malori, utembee, kisha upande tena.

Tulipokuwa tukijadiliana njiani, mwenzangu mmoja alisema vibanda ndivyo vya kuondolewa kwanza kama njia itatengenezwa. Nilimpinga, na msomaji usiseme kwamba ni kwa sababu ya mama tu, ingawa ni kwa sababu ya mama pia. Tulipima. Ukanda una upana wa kutosha, na kibanda cha mama kinachukua hatua mbili. Kimesimama juu ya miguu minne ya mti na mabati sita. Mwaka jana mvua ilipoleta mafuriko, watu wanne walikinyanyua wakakisogeza kabla chai haijachemka. Baiskeli zikipita hapo, waendeshaji watataka ndizi na maji ya kunywa kama walivyotaka wale wa Kendall. Vibanda vyote 23 vikisogea upande mmoja, njia inapita. Ukuta wa ghala hausogei, na hakuna mtu kati yetu aliyependekeza uguswe mpaka nilipouliza mbona.

Mchoro wa kilomita zile 3 na robo tumeubandika ubaoni katika chumba cha Chama, upande wa dirisha. Sehemu zilizokatika tumezitia kalamu nyekundu. Kutoka darajani kwenda ng'ambo ya mto tumeacha karatasi nyeupe, kwa hiyo ninyi mnaotokea upande huo, mkipita mwongeze mnachokijua kwa penseli.